Namba ya kwenye pakiti si namba ya uso wako

Tangu mwaka 2020 kila mtu ni mtaalamu wa barakoa. Neno lenyewe, ambalo zamani lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake, siku hizi limebebeshwa kila kitu kinachofungwa puani: kitambaa cha kushonwa, ile ya bluu ya hospitalini, ile nyeupe ngumu yenye umbo la kikombe, hata lile dude la mpira lenye vichujio viwili mashavuni. Korona ilipopoa, msamiati huo ukahamia kwenye karakana, machimbo na majengo yanayojengwa. Fundi anayekata vigae anaambiwa "vaa barakoa", anavaa iliyopo, na wote wanaona jambo limekwisha. Jioni anapenga kamasi la kijivu na kujiuliza: si nilivaa?

Alivaa, sawa. Lakini huenda alichovaa hakikuwa cha vumbi. Kama kilikuwa cha vumbi, huenda hakikumkaa. Na kama kilimkaa, huenda alikivua mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Mambo hayo matatu ndiyo yanayochanganywa kila siku, na kila moja lina hesabu yake.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Barakoa ya hospitalini ni kifuniko kinacholegea pembeni. Iliundwa ili mate na matone ya aliyeivaa yasimwangukie aliye mbele yake. Daktari wa upasuaji anaivaa kwa ajili ya kidonda cha mgonjwa. Hewa anayoivuta daktari huyo inapita kwenye kitambaa kiasi, na nyingine inaingia kwa mashavuni bila kubisha hodi. Kipumulio ni kitu kingine. (Si ile mashine ya kupumulia ya wodini, hapa nazungumzia kinachovaliwa usoni.) Kipumulio kimeundwa kumkinga aliyekivaa dhidi ya hewa iliyo mbele yake, na kina sharti mbili: kichujio kilichopimwa maabara, na kingo zinazoshika uso kiasi kwamba hewa yote inalazimika kupita kwenye kichujio hicho. Sharti moja likikosekana, jina la kipumulio linabaki kwenye pakiti tu.

Fikiria chandarua. Unaweza kununua chenye matundu madogo kuliko vyote sokoni, lakini ukiacha kona moja haijachomekwa chini ya godoro, mbu hatahangaika na matundu. Ataingia kwa kona. Hewa nayo ina uvivu wa namna hiyo hiyo: hupita penye njia rahisi.

Vumbi lisiloonekana

Vumbi tunalolilalamikia ni lile tunaloliona: linalotua kwenye nyusi, linalokwaruza koo, linalomfanya mtu apige chafya. Kwa mapafu, hilo ndilo lenye adabu. Vumbi hupimwa kwa maikromita, na maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi. Chembe zinazozidi maikromita 10 nyingi hunaswa puani na kooni, zikatoka na kamasi au makohozi. Zilizo chini ya maikromita 4 hivi ndizo zinazopenya hadi mwisho wa njia, kwenye vile vifuko vidogo vya hewa ambako oksijeni inaingia kwenye damu. Huko hakuna ute unaosukuma uchafu kwenda juu kama ilivyo kwenye koromeo. Kilichofika kimefika.

Chembe hizo huzioni mojamoja. Unaweza kuzishtukia asubuhi mwale wa jua unapopita dirishani na kuonyesha hewa iliyojaa nyota, ilhali dakika moja kabla uliapa kwamba chumba ni kisafi. Tena hazina haraka ya kutua. Chembe ya mchanga yenye maikromita 100 ikirushwa kimo cha uso inafika sakafuni kwa sekunde chache. Ya jiwe hilo hilo yenye maikromita 1, hewa ikiwa imetulia, inachukua saa kadhaa. Kwa hiyo yule anayesubiri dakika tano baada ya mashine kuzimwa, akaona wingu limeisha, akavua kipumulio na kukaa papo hapo kula, anakula katikati ya sehemu mbaya zaidi ya wingu hilo. Lililotua ni lile ambalo lingeishia puani mwake.

Aina ya vumbi nayo ina uzito wake. Vumbi la mbao, la unga wa nafaka, la pamba, la makaa ya mawe, la asbesto, kila moja lina madhara yake; la unga, kwa mfano, linaweza kuwaletea waokaji pumu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka asbesto, vumbi la mbao na silika ya fuwele katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Mimi nitakaa zaidi kwenye silika, kwa sababu ndiyo iliyotapakaa kuliko zote.

Hapa Kiswahili kimetuwekea mtego mdogo: silika hii si ile ya tabia ya mtu. Ni madini. Umbo lake linalojulikana zaidi ni kwatzi, na imo kwenye mchanga, granaiti, zege, matofali, vigae na chokaa ya kuungia matofali. Jiwe likiwa jiwe halimdhuru mtu. Mchanga wa ufukweni nao punje zake ni kubwa mno kufika mapafuni. Shida inaanza pale diski ya mashine inapogusa. Kukata, kusaga, kutoboa na kupiga msasa kunalivunja jiwe kuwa unga laini wenye kingo mpya, na kingo mpya ni kali kuliko za vumbi lililokaa muda mrefu.

Unga huo ukifika kwenye vifuko vya hewa, seli walinzi za mwili zinaumeza kama zinavyomeza bakteria. Bakteria huyeyuka, silika haiyeyuki. Seli inakufa, inamwaga sumu zake pamoja na chembe ileile, inakuja seli nyingine kuimeza, nayo inakufa. Mwili unajibu kwa kujenga kovu. Kovu juu ya kovu, na pafu lililokuwa laini kama sponji linaanza kuwa gumu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 na zaidi ya kuvuta vumbi, lakini penye vumbi zito huweza kuja kwa miaka michache, na vumbi likizidi mno, kwa miezi. Hakuna dawa ya kuyafuta makovu hayo, na yanaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi. Mwenye silikosisi pia hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, jambo linalofanya baadhi ya wagonjwa watibiwe kifua kikuu, wapone, na bado waendelee kukosa pumzi bila mtu kuuliza walikuwa wanafanya kazi gani.

Kiasi kinachotosha kudhuru ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Nchini Marekani kiwango cha juu kinachoruhusiwa kazini, kilichowekwa mwaka 2016, ni maikrogramu 50 za silika katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Mtu wa kazi za mikono huvuta takriban mita za ujazo 10 kwa zamu moja. Piga hesabu: nusu miligramu kwa siku nzima. Ni uzito wa punje moja au mbili za sukari. Ukikata zege pakavu, unazalisha zaidi ya hapo kabla hujameza mate.

Wala hili si geni. Katika karne ya kwanza Pliny wa Roma aliandika kuhusu wafanyakazi wa rangi nyekundu ya madini waliojifunga vibofu vya wanyama usoni wasivute vumbi lake. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1556, Georgius Agricola, daktari Mjerumani aliyeishi kati ya wachimba madini, alisimulia kwamba katika machimbo ya milima ya Carpathian walikuwako wanawake walioolewa na waume saba, wote wakiwa wamemalizwa na maradhi ya kifua. Mwaka 1930 na 1931, huko West Virginia, Marekani, handaki la Hawks Nest lilichimbwa kupitia mwamba uliojaa silika. Mwamba ulitobolewa pakavu. Mamia ya wafanyakazi, wengi wao Wamarekani weusi, walikufa, baadhi ndani ya miezi. Na Julai 1, 2024 Australia ikawa nchi ya kwanza kupiga marufuku mawe bandia ya kutengenezea kaunta za jikoni, kwa sababu mengi yana silika inayofika au kuzidi asilimia 90, na vijana waliokuwa wakiyakata walikuwa wanapata silikosisi. Miaka karibu elfu mbili, shida ileile.

Kichujio si chekecheo

Watu wengi, na baadhi ya wauzaji wamo, wanaamini kichujio kinafanya kazi kama chekecheo la unga: tundu dogo, chembe kubwa, basi. Kingekuwa hivyo, kingezibika saa ya kwanza na usingeweza kuvuta pumzi. Ukikitazama kwa hadubini, ni msitu wa nyuzi zilizolala ovyo, wenye nafasi kubwa kuliko chembe nyingi zinazozuiwa. Siri iko kwenye safari ya kupita msitu huo.

Chembe kubwa ni kama lori lililojaa mzigo likiingia kona kwa kasi: hewa inakata kona kuzunguka uzi, chembe inashindwa, inaugonga uzi na kubaki hapo. Chembe ndogo sana ni kama mlevi njiani. Zinayumbishwa na molekuli za hewa huku na huku, na kabla hazijatokea upande wa pili zitakuwa zimeshaparamia uzi fulani. Kwa hiyo, kinyume na tunavyodhani, kubwa na ndogo kabisa zote hunaswa vizuri. Zinazosumbua ni za katikati, za maikromita 0.3 hivi, ambazo ni nyepesi vya kutosha kukata kona na nzito vya kutosha kutoyumba sana. Ndiyo maana vipimo vya maabara hufanywa kwa chembe za ukubwa huo. Kichujio kikifaulu hapo, kwingine kitafanya vizuri zaidi.

Halafu kuna umemetuli. Sugua chanuo la plastiki kwenye nywele kavu, lisogeze kwenye vipande vya karatasi, vitaruka na kuling'ang'ania. Nyuzi za vipumulio vingi vya kisasa zimetiwa chaji ya namna hiyo kiwandani, na mmoja wa walioiendeleza teknolojia hiyo ni Peter Tsai, mhandisi mzaliwa wa Taiwan aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Tennessee. Chaji hiyo ndiyo inayokuwezesha kupata kichujio kizuri ambacho bado unaweza kuvutia pumzi. Ndiyo pia sababu hupaswi kukifua kwa sabuni wala kukipulizia spiriti. Kitatoka kikiwa cheupe na kinanukia, umbo lilelile, na chaji imekwenda. Kwa macho hutajua tofauti.

Sasa zile namba. N95 ni alama ya Marekani: kichujio kinazuia angalau asilimia 95 ya zile chembe ngumu kunasa. Herufi N inasema hakistahimili mafuta. R kinastahimili kiasi, P kinastahimili zaidi, jambo la kuzingatiwa pale hewani penye ukungu wa mafuta ya mashine. P100 inazuia asilimia 99.97. Ulaya wanaandika FFP1, FFP2 na FFP3, yaani angalau asilimia 80, 94 na 99. KN95 ni kipimo cha China. Ukikuta kipumulio hakina alama yoyote iliyochapwa kwenye mwili wake, hakina jina la mtengenezaji, au kina mikanda ya kuning'iniza masikioni huku kimeandikwa N95, kiache. N95 zilizoidhinishwa zina mikanda ya kuzungushia kichwa, kwa sababu masikio hayana nguvu ya kubana kingo usoni.

Kona ya chandarua

Turudi kwenye kona ya chandarua, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Ile 95 ni namba ya kitambaa. Ilipatikana kwa kukibana kichujio kwenye mashine, pembeni pasivuje hata kidogo. Uso wako haukuwapo. Tuseme umevaa kichujio cha asilimia 95 na sehemu moja ya kumi ya hewa inaingia kwa pembeni, karibu na pua. Hewa iliyopita pembeni imekuja na vumbi lake lote: hiyo ni 10 kwa mia. Iliyopita kwenye kichujio, yaani 90, imekuja na asilimia 5 ya vumbi lake: hiyo ni 4.5. Jumla 14.5. Umevuta karibu mara tatu ya ulichodhani. Ukienda kununua cha asilimia 99 kinachovuja vilevile, unashuka hadi 10.9 tu. Lakini ukichukua FFP2 ya kawaida, ya asilimia 94, ikakukaa vizuri hadi ikavuja sehemu moja tu kwa mia, unapata chini ya 7. Cha daraja la chini kimekishinda cha daraja la juu, na tofauti ni mkao.

Huhitaji mashine kugundua kwamba kipumulio kinavuja. Fundi akivua kipumulio baada ya kazi ya vumbi, mtazame usoni. Aliyekaa vizuri ana duara safi kabisa puani na mdomoni, mpaka wake umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Aliyevuja ana michirizi: mistari miwili ya vumbi inayoshuka kutoka kwenye pembe za macho kando ya pua, kama njia za machozi, au mkia unaoingia chini ya kidevu. Geuza kipumulio chake uone upande wa ndani, utakuta michirizi hiyohiyo imechapwa ukingoni. Pale ndipo hewa ilipokuwa inapita siku nzima.

Sababu za michirizi hiyo ni za kawaida kabisa. Mkanda wa chini umekatwa kwa sababu unabana shingo, umebaki wa juu peke yake. Waya wa pua umeminywa kwa vidole viwili vya mkono mmoja, ukatengeneza pembe kali katikati na upenyo huku na huku. Unatakiwa ulazwe kwa vidole vya mikono yote miwili, kuanzia katikati kwenda mashavuni. Miwani imewekwa chini ya ukingo. Na ndevu. Hili la ndevu huwa linaleta maneno, lakini hewa haina dini wala fasheni: hata vinyweleo vya siku moja au mbili vinauinua ukingo, na unywele ni mnene mara kumi na zaidi kuliko vumbi tunalolikimbia. Asiyeweza kunyoa ana kifaa chake, nitakitaja.

Nyuso pia hazifanani. Kipumulio kilichomkaa msimamizi mwenye uso mpana kitampwaya binti mwenye uso mwembamba anayefanya naye kazi, hata vyote viwe vya boksi moja. Ndiyo sababu nchi kadhaa zinadai jaribio la mkao kabla mtu hajaanza kukitumia, na Marekani linarudiwa kila mwaka. Namna moja ni rahisi hadi inachekesha. Unavaa kipumulio, unafunikwa kichwa kwa kofia kubwa ya plastiki yenye tundu, na mpimaji anapuliza ndani yake ukungu wa sakarini, ile sukari bandia, au kitu kichungu. Unageuza kichwa kushoto na kulia, unainama, unasoma maandishi kwa sauti. Ukisikia utamu ulimini, kimevuja. Unajaribu kingine.

Kila siku, hata baada ya kufaulu jaribio hilo, kuna ukaguzi wa nusu dakika. Funika sehemu ya mbele kwa viganja bila kukisukuma. Kisicho na vali, pumua nje kwa nguvu: ukihisi hewa ikikupiga machoni, rekebisha waya. Chenye vali, vuta ndani: kinatakiwa kinywee kidogo kuelekea usoni. Vali yenyewe, kile kibati cha plastiki mbele, hufunguka unapotoa pumzi na kujifunga unapovuta. Inapunguza joto, haipunguzi kinga yako. Mahali pengine ilikatazwa wakati wa korona kwa hofu kwamba haiwakingi wengine, na huo ulikuwa ugomvi mwingine kabisa.

Nusu saa

Hesabu ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hata wenye vifaa vizuri inawakamata.

Vipumulio hupewa namba ya kinga kwa mtumiaji, tofauti na ile ya kichujio. Cha kufunika pua na mdomo hupewa 10 kwa taratibu za Marekani: kikikaa vizuri, unavuta sehemu moja ya kumi ya vumbi lililopo nje. Cha kufunika uso mzima, macho na yote, ni 50. Kwa hiyo mwajiri mwenye moyo ananunua cha 50. Zamu ni saa 8. Mfanyakazi anakivua dakika mbili kupokea simu, tatu kumfokea mwenzake aliye upande wa pili wa mashine, tano kufuta jasho, mara mbili tatu hivi. Jumla nusu saa tu, vumbi likiwa palepale. Kinga yake halisi kwa siku hiyo imekuwa 12. Kutoka 50! Na hata angevaa kifaa cha ajabu kisichopitisha chembe hata moja, kwa nusu saa ile asingevuka 16, maana nusu saa ni sehemu moja ya kumi na sita ya zamu na aliivuta yote.

Wasimamizi wengi wakisikia hivyo wanakimbilia kukaripia. Mimi naona wanakosea mahali. Mtu havui kipumulio kwa ujeuri. Anavua kwa sababu kuna joto, hasikiki akiongea, na kupumua kupitia kichujio ni kazi juu ya kazi. Mwenye pumu au moyo dhaifu inaweza kumshinda kabisa, na ndiyo maana anatakiwa aonwe na daktari kwanza. Dawa ya kuvua ni kupanga kazi ili avue mahali salama, kwa vipindi, au kumpa aina yenye feni na betri inayosukuma hewa iliyochujwa ndani ya kofia iliyolegea. Hicho hakihitaji kubana uso, kinga yake huhesabiwa 25, kinapoza, na mwenye ndevu anakivaa bila shaka.

Dawa kubwa kuliko zote ni kupunguza vumbi lenyewe. Wataalamu wa usalama kazini wana ngazi yao: kwanza ondoa kitu hatari, kama huwezi badilisha utumie kisicho hatari, kama huwezi kizuie pale kinapotoka, kisha panga watu wakae mbali nacho, na mwisho kabisa vaa. Mwisho kabisa! Mahali pengi tumeigeuza, tunaanzia kwenye kuvaa kwa sababu ni rahisi kununua. Maji yanayotiririka kwenye diski ya kukatia yanaliua vumbi kabla halijazaliwa. Mashine yenye mdomo wa kunyonya vumbi palepale inafanya hivyohivyo. Sakafu ikifagiliwa kavu, vumbi lote lililokwisha kutua linarudishwa hewani kwa mikono yetu wenyewe, ilowanishwe kwanza. Na ile ya kujipuliza ovaroli kwa hewa ya kompresa jioni, ambayo inaonekana usafi, ni kujitengenezea wingu dogo la kibinafsi kimo cha pua. Ovaroli hilo lisiende nyumbani pia. Wako wake wa wafanyakazi wa asbesto waliougua kwa kufua nguo tu.

Nilivyosikia vijiweni

"Kunywa maziwa yatasafisha kifua." Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, na njia hizo mbili zinaachana kooni. Ni chakula kizuri, yanywewe kwa sababu hiyo.

"Kitambaa kilicholowanishwa kinatosha." Kinapunguza vumbi kubwa, lile lenye adabu. Laini linapita, na mwenye kukivaa anapata ujasiri wa kukaa kwenye vumbi muda mrefu zaidi kuliko ambavyo angekaa bila kitu.

"Nimeshazoea, miaka ishirini hainidhuru." Kilichozoea ni koo, ambalo limeacha kulalamika. Makovu hayana maumivu mwanzoni; mtu anajigundua siku anapopumzika katikati ya ngazi aliyokuwa akiipanda akiwa na mfuko wa saruji begani.

"Nikivaa mbili nimejikinga mara mbili." Mara nyingi ya juu inaisukuma ya chini hadi inavuja, au kupumua kunakuwa kugumu na hewa inatafuta kona.

"Hii ni kali, nitaivaa hata nikipaka rangi." Hili si la kucheka. Kichujio cha vumbi hakizuii mvuke wa thina, petroli wala gesi yoyote, hata kiwe cha asilimia 99.97; mvuke unahitaji kichujio chenye mkaa maalumu. Na hakuna kichujio cha aina yoyote kinachotengeneza oksijeni. Ndani ya tangi, kisima au shimo ambamo oksijeni imepungua chini ya asilimia 19.5, anayeingia na kipumulio cha kuchuja anaingia mtupu. Huko panahitaji hewa inayoletwa kwa bomba au mtungi, na mtu wa kusimama nje.

Swali linalobaki ni kitadumu muda gani. Kichujio cha vumbi hakifi kwa kalenda peke yake. Kadiri kinavyojaa vumbi kavu kinazidi kubana, pumzi inakuwa nzito, na uzito huo ndio kengele ya kukibadilisha. Kibadilishe pia kikilowa, kikichanika, mkanda ukilegea, au ukiona uchafu upande wa ndani. Uchafu wa ndani mara nyingi haukupita kwenye kichujio. Uliingia kipumulio kilipokuwa kinaning'inia shingoni mithili ya mkufu au kimepandishwa juu ya paji la uso huku mashine ikiendelea: kikombe kimekaa wazi, vumbi linakijaza taratibu, kisha kinarudishwa puani na mwenye nacho anavuta kwa nguvu. Kikivuliwa kiingie kwenye mfuko au kopo safi lenye kifuniko.

Na kivuliwe mwisho. Ovaroli lipanguswe kwa kitambaa kibichi au linyonywe kwa mashine, glavu zitoke, mikono inawe, utoke kwenye eneo la vumbi. Ndipo ushike mikanda ya nyuma, wa chini kwanza, kisha wa juu, bila kugusa kile kikombe cha mbele ambacho siku nzima kimekuwa kikilipokea vumbi kwa niaba yako.